Mkanda wa kupima ubongo kazini

Dadangu, kama mwajiri wako hapo Westlands anataka mvae mkanda kichwani wa kupima umakini, na sahihi anaitaka kufikia Ijumaa, usitie bado. Mkanda huo hausomi mawazo. Unanasa umeme hafifu wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa, na hata kupepesa macho huuvuruga. (Mimi nikatwe mshahara kwa kupepesa? Hapana!) Uliza kwa maandishi data itawekwa wapi, nani ataiona, itafutwa lini. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua na kupinga. Wakikutisha, mlalamikie Kamishna wa Data. Huko Chile, mwaka 2023, Mahakama ya Juu iliamuru kampuni ifute data ya ubongo wa mteja wake.