Tofauti iko msalabani
Ndugu yangu, umeandika kwamba Mwislamu hutegemea matendo na Mkristo imani tu. Sivyo, na dai hilo hunisikitisha kila nikilisikia hapa Eastleigh, mtaa wa Nairobi ambako Waislamu na Wakristo tunaishi ukuta kwa ukuta. Katika hadithi iliyo kwenye mkusanyiko wa Bukhari wa maneno ya Mtume, Mtume Muhammad anasema hakuna atakayeingia peponi kwa amali zake, hata yeye mwenyewe, ila Mwenyezi Mungu amfunike kwa rehema. Wakristo nao wana Yakobo 2:26: imani pasipo matendo imekufa.

Panapoachana kweli ni msalabani. Kwa Mkristo, Yesu alibeba dhambi za wengine. Kurani 6:164 inasema hakuna abebaye mzigo wa mwingine. Mja hutubu kwa Mola wake moja kwa moja, bila kafara ya msalaba.