Muhtasari Sitoi

Shikamoo mwalimu. Naomba muhtasari wa Kinjeketile, mtihani umekaribia. (Kidato cha Nne, Sakina)

Marahaba. Kila mwezi ombi ni hilohilo na jibu ni hilohilo: soma mchezo wenyewe. Ni kitabu chembamba, jioni moja kinakwisha. Muhtasari utakuambia watu waliamini maji yatazuia risasi za Wajerumani, wakashindwa, basi. Hautakuambia kwa nini mwishoni Kinjeketile, amefungwa na kupigwa, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Uzito wote wa mwandishi, Ebrahim Hussein, uko hapo: mtu ametoa neno, limemponyoka, limekuwa la watu, naye hana tena haki ya kulifuta. Tena acheni kuutumia kama somo la historia ya Maji Maji. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa jukwaani. Tafuta wenzako, gawaneni wahusika, someni kwa sauti. Mchezo wa kuigiza unaokaririwa kimyakimya ni ngoma iliyochorwa ubaoni.

Mwanangu wa miaka kumi hasomi ila katuni. Nimnyang'anye? (Mama, Pasua)

Usithubutu, dada. Wengi wetu tulizoea kusoma kwa Ndumilakuwili na Lodi Lofa wa Sani, gazeti moja likizunguka mtaa mzima mpaka linachanika. Ila funua kurasa wewe kwanza. Si kila kilichochorwa ni cha mtoto.

Kati ya wapelelezi wa riwaya, Willy Gamba na Joram Kiango, nani zaidi? (Kijana, Kaloleni)

Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, tena akiwa ameketi na kiko chake.

Riwaya ya Rosa Mistika nimfiche binti yangu wa kidato cha pili? (Baba, Njiro)

Wewe umekisoma, mzee? Wengi wanaouliza hawajakisoma. Kilitoka 1971, kikapigwa marufuku shuleni kwa muda, na sifa hiyo ndiyo iliyobaki midomoni. Mwandishi wake, Kezilahabi, hasifu uhuni. Anamwonyesha Zakaria, baba mlevi, akimpiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti anakua akiwaogopa wanaume, na akiwa mbali na fimbo ya baba hana maarifa yoyote ya kujilinda. Mwisho wake ni mzito, kwa hiyo kidato cha pili nisingemharakisha. Miaka miwili ijayo msome pamoja. Wewe anza leo, na kurasa za Zakaria usiziruke.

Shakespeare aliyetafsiriwa na Nyerere bado anasomeka? (Mwalimu mstaafu, Moshi)

Sana. Juliasi Kaizari alimtoa 1963, akamrudia 1969, mwaka wa Mabepari wa Venisi. Antony mbele ya maiti ya Kaizari anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima mpaka sifa inageuka tusi. Kila msimu wa kampeni namkumbuka. Kwenye Mabepari, vijana humcheka Shylock mkopeshaji wakasahau kuwa alishatemewa mate na haohao wanaomwomba mkopo. Na nyie mnaokopa mikopo ya kausha damu pale Mbuyuni, msimtegemee Portia aje kuwaambia mkataba umetaja nyama, haukutaja damu. Someni karatasi kabla ya kutia dole gumba.

Una PDF za vitabu hivi? (Wengi mno)

Sina. Muulizeni yule wa steshenari aliyewauzia kopi isiyo na kurasa za mwisho.