Je, Wafaransa waliiga tu Mapinduzi ya Marekani?

Ndugu, umeuliza kama Wafaransa wa 1789 waliwaiga tu Wamarekani. Kuiga kulikuwepo, ila kwangu deni ndilo lililomponza mfalme. Louis XVI alimwaga fedha, askari na meli kuwasaidia Wamarekani dhidi ya Uingereza. Vita vilipokwisha 1783, hazina ilikuwa hoi. Alipotaka kodi mpya ikabidi aitishe bunge la matabaka matatu (makasisi, makabaila na raia wa kawaida) Mei 1789, bunge ambalo halikuwa limekutana tangu 1614! Na mavuno ya 1788 yalishaharibika, mkate Paris haushikiki kwa bei. Julai 14 watu wa Paris wakalivamia gereza la Bastille. Ufunguo wake mmoja Lafayette, Mfaransa aliyepigana upande wa Wamarekani, alimtumia George Washington, kamanda wao wa vita, kama zawadi, na mpaka leo umetundikwa Mount Vernon, nyumba ya Washington.