Simu za tawi la Kondoa kukatikakatika

Ndugu yangu wa Mtumba, umesema simu za intaneti kati yenu na Kondoa hukatika kila mafaili yakianza kupakiwa jioni, na bosi anataka kuongeza laini. Mwambie asubiri, mafaili yatameza na hiyo nyongeza; dawa ni kuzipa simu kipaumbele.

Kwa kuwa ruta zenu (vifaa vinavyoelekeza data) tayari hupeana njia kwa BGP, yaani lugha ya ruta kuambiana mtandao upi unafikiwa wapi, achana na orodha ndefu za anwani za kutambua simu. Ruta ya Kondoa iitangaze mitandao ya simu ikiwa na alama ya komuniti, lebo inayosafiri na tangazo la njia. Yako ikiipokea, iandike njia hiyo na daraja lake la kipaumbele kwenye jedwali lake la njia, na pakiti (vipande vya data) ziendazo huko zirithi daraja hilo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, la sivyo wewe utasikika wao wasisikike. Mkifungua Singida kesho ikatangaza kwa alama hiyohiyo, huongezi anwani hata moja hapo Mtumba.

Ila wengi husahau hili: laini ikiwa ya megabiti 20 kwa sekunde, bana kasi ya kutoka hadi 18, ili foleni ijipange kwenye ruta yako, si kwa mtoa huduma asiyejali alama zako. Sauti itangulie, lakini iwekee kikomo, tuseme theluthi ya laini.

Kisha pima jioni hiyohiyo ya vurugu, si Jumapili ofisi ikiwa tupu. Ucheleweshaji wa sauti wa upande mmoja usipite milisekunde 150.