Mwalimu wa Sayansi Anajibu: Tiba ya Ugumba na Watu wa Maabara

Makala yetu ya mwezi uliopita kuhusu ugumba imeleta barua nyingi, na sehemu kubwa imetoka Arusha na Moshi. Nimechagua nne zinazouliza yale ambayo wengine pia wameuliza kwa maneno yao. Majina ya wenye barua nimeyaacha, kwani katika miji hii, ambamo wifi yako ni jirani wa mwalimu wa mtoto wa bosi wako, hata herufi mbili za mwanzo zinatosha kumtambulisha mtu.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi na mume wangu tuna miaka sita ya ndoa. Nimepigwa picha ya mirija nikaambiwa yote miwili imeziba, na kwamba njia iliyobaki ni kupandikiza mimba. Mama mkwe wangu, anayeishi Marangu, anasema huo ni uganga wa Wazungu na mtoto atakayezaliwa hatakuwa wa ukoo. Ni nani aliyegundua jambo hili, na je, limethibitishwa kweli? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na mama mkwe, maana hofu yake ina jibu fupi. Yai ni lako na mbegu ni ya mume wako; vinakutanishwa nje ya mwili kwa sababu mirija ambamo vilipaswa kukutana imeziba, na baada ya siku tatu hadi tano kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kugawanyika, kinarudishwa katika mji wako wa mimba, ambamo kitakua kama mimba nyingine yoyote. Mtoto huyo ni damu ya ukoo sawasawa na binamu zake watakaogawana naye kihamba, shamba la ukoo. Habari ingekuwa tofauti kama mngetumia yai au mbegu ya mtu mwingine, na hilo katika kituo chochote makini mtaelezwa wazi na kutakiwa kuridhia kwa maandishi.

Ugunduzi wenyewe hauna baba mmoja. Mwaka 1944, huko Boston nchini Marekani, Miriam Menkin, msaidizi wa maabara wa daktari John Rock, alirutubisha kwa mara ya kwanza yai la binadamu ndani ya chombo cha kioo, baada ya kujaribu kwa takriban miaka sita bila mafanikio. Kwa kawaida aliziosha mbegu mara tatu, kisha akaziacha pamoja na yai kwa muda wa nusu saa. Juma lile alikuwa amekesha na mtoto wake mchanga aliyekuwa akiota meno; kwa uchovu akaziosha mara moja tu, akatumia mbegu nyingi zaidi, na akapitiwa akaziacha kwa saa nzima. Aliporudi kulitazama yai siku ya Ijumaa, lilikuwa limegawanyika. Mwaka 1959 Min Chueh Chang, mwanasayansi mzaliwa wa China aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwa sungura kwamba yai lililorutubishwa nje ya mwili linaweza kuzaa kiumbe hai kamili.

Waliolifikisha jambo hilo kwa binadamu walikuwa watatu, na hapa naomba uvumilivu wako, kwa kuwa habari zao nyingi hutaja wawili tu. Robert Edwards alikuwa mwanafiziolojia wa Cambridge. Patrick Steptoe alikuwa daktari wa Oldham, bingwa wa kutumia kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu dogo tumboni. Na Jean Purdy alikuwa muuguzi aliyeajiriwa mwaka 1968 kumsaidia Edwards, akaishia kuwa mtaalamu wa kwanza wa viinitete katika historia ya tiba hii. Kutoka Cambridge hadi Oldham ni karibu nusu ya safari ya Moshi hadi Dar es Salaam, na Edwards na Purdy waliiendesha kwenda na kurudi kwa miaka mingi. Mwaka 1971 baraza la utafiti wa tiba la Uingereza liliwanyima fedha, na viongozi wa dini pamoja na wanasayansi wenzao waliwalaumu hadharani, wengine kwa lugha kali kuliko ya mama mkwe wako. Kati ya 1969 na 1978 wanawake 282 walijitolea. Viinitete vilirudishwa tumboni mara 112. Mimba zilizoshika zikawa 5, na watoto waliozaliwa hai wakawa 2. Idadi hiyo huniacha nikiwawaza zaidi wale wanawake 280 ambao majina yao hayamo popote.

Mtoto wa kwanza, Louise Brown, alizaliwa tarehe 25 Julai 1978. Mama yake, Lesley, alikuwa na tatizo lako hilihili la mirija iliyoziba. Purdy ndiye aliyekuwa wa kwanza kuona chini ya hadubini kwamba seli za kiinitete kile zimeanza kugawanyika. Alifariki mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 39, na Steptoe akafuata mwaka 1988, hivyo Tuzo ya Nobel ilipotolewa mwaka 2010 aliipokea Edwards peke yake, kwani tuzo hiyo hawapewi marehemu. Mwambie pia mama mkwe kwamba Louise amekwisha kuwa mama kwa njia ya kawaida, na kwamba mdogo wake Natalie, aliyetungwa kwa njia hiyohiyo, alimtangulia kuzaa mwaka 1999. Hadi mwaka 2018 ilikadiriwa kuwa watoto zaidi ya milioni 8 walikuwa wamezaliwa kwa njia hii duniani.

Kwa nini nimemweleza Purdy kwa urefu hivyo? Kwa sababu wewe pia, utakapokwenda kituoni, utamwona daktari, utamwona muuguzi na utamwona mhasibu, lakini mtu atakayelala akiyawaza mayai yako huenda usimwone kamwe. Uliza ni nani mtaalamu wao wa viinitete, kama yupo kituoni siku zote au huja kwa zamu kutoka nje ya nchi, na umeme ukikatika usiku inkubeta, yaani mashine zinazovitunza viinitete katika joto la mwili, zinaendelea kwa nguvu gani. Kisha omba takwimu za watoto waliozaliwa hai kwa wanawake wa umri wako. Takwimu za vipimo vya mimba vilivyosoma ndiyo huwa nzuri zaidi, lakini baadhi ya mimba hizo hazifiki mwisho. Umri una uzito mkubwa sana katika jambo hili, basi msiache miaka ipite mkingoja ukoo ukubaliane.

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Pasua, Moshi. Mke wangu amepimwa kila kitu kwa miaka minne, hadi kwa waganga amefika. Mimi nimepima juzi kwa mara ya kwanza, nikaambiwa mbegu zangu ni milioni 2 tu kwa mililita. Nasikia kuna njia ya kulichoma yai sindano. Ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu, lakini kabla ya sindano rudia kipimo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja milioni 16 kwa mililita kuwa mpaka wa chini wa kawaida, na wewe uko mbali nao. Hata hivyo kipimo kimoja hakitoshi, kwa sababu mbegu huchukua zaidi ya siku 70 kutengenezwa, na homa kali ya miezi miwili iliyopita inaweza kuonekana katika majibu ya leo. Pima tena baada ya miezi mitatu hivi, ukiwa umejizuia kutoa mbegu kwa siku mbili hadi saba. Mweleze daktari kazi yako pia, maana joto kali la mara kwa mara hupunguza mbegu. Idadi ikibaki chini ya milioni 5, uliza kuhusu kipimo cha vinasaba, kwa kuwa zipo kasoro za kromosomu ya kiume ambazo baba humrithisha mwana.

Njia unayoisikia ilianzia Brussels, Ubelgiji. Gianpiero Palermo, Mwitaliano aliyekuwa kijana katika maabara ya André Van Steirteghem, alikuwa akijaribu kuingiza mbegu chini ya ganda la nje la yai ili zijipenyeze zenyewe. Mara moja sindano ilipitiliza, mbegu ikaingia ndani kabisa, na yai ambalo wangelitupa likarutubika. Watoto wa kwanza walizaliwa mwaka 1992 na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo. Yai la binadamu lina upana wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Mtaalamu hulishika kwa mrija laini unaolivuta taratibu lisisogee, huchagua mbegu moja, huipiga mkia kwa ncha ya sindano ili itulie, kisha huichukua na kuipenyeza ndani ya yai. Kwa njia hiyo mbegu chache tu zilizo hai zinatosha, hata kwa mwanamume ambaye zinapaswa kuchukuliwa moja kwa moja kwenye korodani.

Naomba niseme na jambo ambalo hukuliuliza. Miaka minne ya mkeo ingeokolewa na kikombe kimoja cha maabara. Mjini kwenu watafiti wakiongozwa na Ulla Larsen, pamoja na madaktari wa hospitali ya KCMC, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa ugumba uliowachunguza mume na mke kwa pamoja, kwa hiyo hoja kwamba mume naye anapimwa si ngeni Kilimanjaro. Ugeni uko sebuleni kwetu, hasa Desemba ukoo unapokusanyika na macho yote yakamwelekea mwanamke.

SWALI: Nina duka la vitenge Mbuyuni. Nilipotajiwa gharama za IVF, yaani huko kupandikiza mimba, nilidhani wananitajia bei ya kiwanja. Hao wanasayansi hawafikirii watu wa kawaida?

JIBU: Wapo wanaofikiria. Willem Ombelet, daktari wa Genk nchini Ubelgiji, akishirikiana na Jonathan Van Blerkom wa Colorado, aliuliza kwa nini kiinitete kihitaji inkubeta ya bei mbaya wakati kinachotaka ni joto la mwili, usafi na hewa yenye kaboni dayoksaidi kiasi. Wakatumia mirija miwili ya kioo iliyounganishwa: katika mmoja wakachanganya asidi inayoyapa malimau ukali wake na sodiamu baikaboneti, ndugu wa magadi yanayolainisha makande, na hewa inayofuka humo ikapita hadi mrija wa pili wenye kiinitete. Watoto walizaliwa kwa njia hiyo, na ulinganisho uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa viinitete vyake havikuwa duni kwa vile vya inkubeta ya kawaida. Njia hiyo haijaenea kama ilivyostahili, na gharama za dawa za homoni na za mtaalamu zinabaki palepale.

Lakini je, umeambiwa chanzo cha tatizo lako, au umetajiwa bei tu? Wanawake wengi ambao mayai yao hayapevuki kwa mpangilio hawahitaji maabara hata kidogo. Mwaka 2014 Richard Legro na wenzake wa Marekani walilinganisha vidonge viwili kwa wanawake 750 wenye tatizo la vifuko vingi kwenye ovari: letrozoli, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, iliwapa watoto asilimia 27.5 yao, na klomifeni, iliyokuwa ikitumika kwa miongo mingi, asilimia 19.1. Vidonge hivyo huandikwa na daktari na hufuatiliwa naye. Usivinunue kwa ushauri wa jirani wa duka. Na kwa mabinti wako, kama unao, klamidia na kisonono vikitibiwa mapema mirija ya uzazi hupona isizibe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano Arusha, mchepuo wa PCB. Nimesoma kwamba Wajapani wametengeneza mayai kutoka kwenye ngozi. Nisome nini ili nifanye kazi hiyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ulichosoma ni kweli kwa panya. Mitinori Saitou na Katsuhiko Hayashi walitangaza mwaka 2012 panya waliozaliwa kutokana na mayai yaliyoanzia kwenye seli shina, zile zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na mwaka 2016 kikundi cha Hayashi kikatengeneza mayai kwa kuanzia na seli za mkia wa panya mzima. Mwaka 2023 alipata vitoto kutokana na seli za panya dume wawili, 7 kati ya viinitete 630. Kwa binadamu hajazaliwa mtoto kwa njia hiyo, na anayekuuzia leo anakudanganya.

Baada ya kidato cha sita, shahada ya sayansi ya maabara za tiba, kama ile ya chuo cha KCMC hapo Moshi, ni mlango mzuri; baiolojia au tiba ya mifugo pia hufaa, kisha utafuata mafunzo ya juu ya elimu ya viinitete, mara nyingi nje ya nchi. Lakini huna haja ya kungoja. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kiko Usa River, umbali mfupi kutoka ulipo, na huko mbegu za madume ya ng'ombe huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ujuzi huo ulitokana na Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes, walioonyesha mwaka 1949 kwamba gliserini huikinga mbegu isiuawe na kuganda, na ndio uliofungua njia ya kugandisha mbegu za watu. Mwombe mwalimu wako wa baiolojia aandike barua ya kuomba ziara ya darasa. Na siku utakapokaribishwa kwenye maabara ya viinitete vya binadamu, usijipake manukato asubuhi ile, kwa sababu mvuke wake unaweza kudhuru viinitete, na watakurudisha mlangoni.