Maswali ya Wasomaji: Pointi Tatu kwa Mechi, Halafu Kocha wa Olimpiki

Wiki hii meseji nyingi zimekuja za basketi, sijui ni kwa sababu ligi inaanza au mmekosa mpira wa miguu wa kubishania, ila poa, leo tunakaa kwenye kikapu tu.

*Kaka habari za kazi. Mimi ni gadi (mchezaji wa kupandisha mpira), nina miaka 31, nimechezea timu sita mpaka sasa, Dar nne, Mwanza moja na Dodoma moja. Msimu huu nimeachwa na sijaitwa hata ofisini, nimeshtukia tu nimetolewa kwenye grupu la WhatsApp la timu. Nataka kuingia ukocha ila washkaji wananicheka, wanasema hujawahi kuwa staa nani atakusikiliza. Kuna mtu wa aina yangu aliyewahi kutoboa? – K.M., Tabata*

Pole sana mdogo wangu. Kutolewa grupu kabla hujaambiwa ni uhuni, ila usione aibu, kuna wachezaji wa NBA, ligi kubwa ya kikapu ya Marekani, wenye mamilioni benki wamejua wameuzwa kwa kuona kwenye TV kama sisi tu.

Waliotoboa wapo wengi, ila kuna mmoja nampenda kuliko wote, anaitwa Royal Ivey, kocha aliyeipeleka Sudan Kusini Olimpiki ya 2024. Kazaliwa New York 1981, chuo kasoma Texas na wakafika hadi Final Four (nne bora ya vyuo) ya 2003, draft ya 2004, ile siku timu za NBA zinachagua vijana wapya, Atlanta Hawks wakamchukua namba 37, yaani raundi ya pili huko ambako hata mkataba hauna uhakika. Kuanzia hapo hesabu na mimi: Atlanta, Milwaukee, Philadelphia, Milwaukee tena, Oklahoma City, Philadelphia tena, na akavuka mpaka China kuchezea Guangdong. NBA wastani wake pointi tatu na ushee kwa mechi. Tatu! Kuna watu mtaani kwako hapo Tabata wanafunga hizo kabla hawajafunga kamba za viatu.

Jiulize basi kwa nini timu nne ziliendelea kumlipa mtu wa pointi tatu, na mbili kati ya hizo zikamrudisha baada ya kumuacha. Huyu alikuwa gadi wa kukaba, na mtu wa mwisho mwisho kwenye rosta, yaani orodha ya wachezaji wa timu, ana kazi ambayo shabiki haioni: leo mazoezini unaigiza gadi wa timu ya kesho, unakimbia plei zao (mipango yao ya kushambulia) ili wenzako wazizoee, kesho kutwa unaigiza gadi mwingine, mwisho wa msimu unajua mfumo wa nusu ya ligi na wewe mwenyewe dakika zako uwanjani ni chache kuliko za mtoto wa kufuta sakafu. Halafu ukihamishwa unatua mji mpya usiku, asubuhi kuna mazoezi, plei zote mpya, majina yote mapya, na ukikosea mara mbili kocha anakuona huna maana kwa sababu staa ana muda wa kujifunza taratibu ila wewe huna. Umekaa chini ya makocha wangapi wewe K.M.? Sita? Saba? Kila mmoja alikuwa anapangaje difensi ya pick and roll (mmoja anamzibia njia mkabaji wa mwenye mpira kisha anakimbilia kikapu), nani alikuwa anaongea na benchi na nani alikuwa anawatazama kama viti? Hayo ndio masomo na wewe ulishayalipia ada, tena kwa mshahara uliochelewa.

Ivey alikuwa Oklahoma City ile ya 2012 iliyofika fainali na kufungwa na Miami, benchi moja na kina Durant, Westbrook na Harden wakiwa vijana. Alipomaliza kucheza hakusubiri apewe timu kubwa, 2014 akaanza kama msaidizi kwenye timu ya ligi ndogo, Oklahoma City Blue, chini ya kocha kijana anaitwa Mark Daigneault ambaye kipindi hicho hakuna aliyekuwa anamjua (ndio huyu huyu aliyebeba ubingwa wa NBA na Thunder 2025). Baadaye Ivey akawa msaidizi Knicks, 2020 akaenda Brooklyn Nets, na 2023 Houston Rockets chini ya Ime Udoka, ambaye naye ni wale wale, baba yake Mnigeria, kachezea timu ya taifa ya Nigeria, kazungukia Portland, San Antonio, Sacramento mpaka Ulaya, na mwaka wake wa kwanza tu kama kocha mkuu kaifikisha Boston fainali ya 2022. Ukitaka mwingine yupo Kevin Ollie, misimu 13 NBA na timu zaidi ya kumi, akaja kuipa chuo chake UConn ubingwa wa vyuo 2014. Tyronn Lue timu saba, na 2016 kaipa Cleveland kombe lao la kwanza. Kwa hiyo hao washkaji wanaokucheka waambie waendelee.

Ila nisikudanganye, kuhama hama peke yake hakukupi ukocha. Wapo waliozunguka timu nane na ukiwauliza plei moja ya kocha wao wa tatu hawakumbuki, wanakumbuka posho tu. Nunua daftari wiki hii, andika kila kitu unachokumbuka kabla hakijafutika, halafu tafuta timu ya vijana wa chini ya miaka 16 ufundishe hata bure msimu mmoja, na ufuatilie kozi za makocha zinazopitia kwenye shirikisho la kikapu kwa sababu siku hizi bila cheti hukai benchi mashindano ya maana. Na ukubali usaidizi. Kubeba chupa za maji na kukata video usiku. Kama hapo unaona unashushwa hadhi basi endelea kucheza tu mzee.

*Nimesikia wachezaji NBA wanapewa mkataba wa siku kumi. Siku kumi kama kibarua wa saiti? Ni kweli au watu wanatania? – Mama Ilham, Tanga*

Ni kweli kabisa mama. Kuanzia mapema Januari timu inaruhusiwa kumsaini mtu kwa siku 10, zikiisha inaweza kumpa 10 nyingine, baada ya hapo kama bado inamtaka lazima impe mkataba wa mpaka mwisho wa msimu, haimtaki basi anafungasha. Na hata wenye mikataba ya mwaka mzima wengine mikataba yao haina uhakika mpaka tarehe 10 Januari, ndio maana mwanzoni mwa Januari wachezaji wa mwisho kwenye rosta simu ikiita moyo unaruka, timu inamkata ili isilipe zilizobaki. Faida ipo, hata mshahara wa chini kabisa kule ni mwingi, na ukifikisha misimu mitatu unaingia kwenye pensheni ya ligi. Kwa hiyo yule anayeng'ang'ania msimu wa tatu akiwa na goti bovu usimuone mjinga. Rekodi ya kuchezea timu nyingi ni ya Ish Smith, timu 13, na ya mwisho mwisho akaambulia pete ya ubingwa akiwa na Denver 2023, mchezaji wa kuhama hama kama daladala iliyokosa ruti na bado pete anayo.

*Kaka shikamoo. Mimi niko Kakuma, kambi ya wakimbizi Kenya, hapa kambini mechi za Sudan Kusini za 2024 tuliangalia kwenye kibanda watu mpaka nje. Ninachouliza, huyo kocha Royal Ivey ni Mmarekani, hana damu ya kwetu, kwa nini asipewe mwana wa nchi? – D.A.*

Marahaba ndugu yangu. Mwana wa nchi alianza mwenyewe. Luol Deng, rais wa shirikisho lenu, ndiye aliyekaa kwenye benchi mwanzoni, na hela ya kuendesha timu mara nyingi imetoka mfukoni kwake, nchi iliyopata uhuru 2011 na mpaka timu inaenda Olimpiki Juba haina hata ukumbi wa ndani wa basketi. Akatafuta mtu wa kumuachia, na hakutafuta mbali, Ivey walisoma pamoja shule moja New Jersey inaitwa Blair Academy, Deng akiwa bado kijana mdogo aliyetoka London, familia yake ikiwa ya wakimbizi. Huyo ni rafiki wa ujana.

Halafu angalia kikosi chenyewe. Bul Kuol kazaliwa hapo hapo Kakuma ulipo, kakulia Australia. Kuany Kuany kapita hapo hapo. Nuni Omot kazaliwa Kenya, wazazi wakimbizi. Wenyen Gabriel kazaliwa Khartoum na NBA kazunguka timu kibao. Khaman Maluach kakulia Kampala, Olimpiki ile alikuwa na miaka 17. Wengine wanacheza China, wengine Australia, wengine ligi ndogo ya Marekani, wote hao ni watu wa begi mlangoni. Timu ya taifa ya namna hiyo unaipata siku chache tu kabla ya mechi, kila mtu katoka kwa kocha wake na mfumo wake, na unatakiwa uwafundishe plei washike kwa siku mbili tatu. Kocha aliyekuwa staa maisha yake yote, timu zimejengwa kumzunguka yeye, sidhani angeiweza hiyo kirahisi. Ivey kila alipotua alikuwa anafundishwa hivyo hivyo kwa haraka, anajua kipi kinashikika ndani ya siku mbili na kipi ni cha kuacha. Plei chache, kukimbia sana, kukaba kwa nguvu, mpira utembee. Mimi naona hapo ndio siri, wengine watakwambia ni vipaji tu, sawa, ila vipaji vilikuwepo toka zamani na havikufika popote.

Matokeo unayajua ila acha niyaseme kwa raha zangu. AfroBasket (Kombe la Afrika la kikapu) ya 2021 Kigali waliingia baada ya Algeria kujitoa, wakafika robo fainali. Kufuzu Kombe la Dunia 2023 walishinda mechi 11 wakafungwa 1. Kule Manila wakaifunga China 89-69, Ufilipino 87-68, Angola 101-78, tiketi ya Olimpiki ya Afrika ikawa yao. Tarehe 20 Julai 2024 London wakacheza na Marekani ya LeBron mechi ya kirafiki, makampuni ya kubeti yalisema Marekani itashinda kwa pointi 43 na nusu (nawajua watu walioweka mkeka hapo, nisiwataje), mapumziko Sudan Kusini inaongoza 58-44, Carlik Jones wa Sudan Kusini triple double (tarakimu mbili kwenye pointi, ribaundi na pasi za mabao), na ikabidi LeBron mwenyewe afunge zikiwa zimebaki sekunde 8 ndio iishe 101-100. Siku nane baadaye Olimpiki, wanapigiwa wimbo wa taifa wa Sudan badala ya wa kwao, wachezaji wamesimama mkono kifuani wanashangaa, halafu wanaifunga Puerto Rico 90-79. Wakafungwa na Marekani 103-86 na Serbia 96-85, wakarudi nyumbani.

Mwana wa nchi atapewa tu siku moja. Ningebahatisha atatoka kwenye kikosi hicho hicho, na nisingeshangaa akiwa yule anayekaa mwisho wa benchi.

*Je Royal Ivey aliwahi kucheza timu moja na Hasheem wetu? – Fundi Seif, Magomeni*

Fundi, mwaka 2012 walipishana mlangoni. Ivey katoka Oklahoma City kiangazi cha 2012 kurudi Philadelphia, Hasheem Thabeet akasaini Oklahoma City kiangazi hicho hicho. Na Hasheem naye ni wa ukoo huo huo ukimfuatilia, namba 2 ya draft 2009 Memphis, kisha Houston, Portland, Oklahoma, ligi ndogo, Japan. Akitaka kufundisha watoto wa Dar kukaba chini ya ringi, mimi fomu ya kwanza nachukua ya mwanangu.