Risiti Siyo Mzigo: Simuleta Mahali Pasipo na Intaneti

SWALI

Mhariri, mimi hufundisha Fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa huko Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Tuna kompyuta 12 tulizopewa na wafadhili, zote zikiwa na Windows 7 na RAM ya gigabaiti 4, lakini hatuna intaneti, na mtandao wa simu hupatikana tu ukisimama kwenye kona moja ya uwanja. Maabara yetu ina ammita (vipima mkondo wa umeme) mbili zinazofanya kazi, nami nilitaka wanafunzi wa kidato cha nne wajizoeze saketi za umeme kwa simuleta, yaani programu zinazoiga vitu halisi kwenye skrini, kabla ya mtihani wa vitendo. Nilisafiri hadi Kisumu mjini, nikapakua kivinjari kipya katika saiba, nikakiweka kwenye flashi pamoja na folda ya simuleta ambazo mwenzangu alikuwa amezihifadhi miaka mingi. Nilipofika shuleni, kivinjari kilikataa kusakinishwa kikidai intaneti, na simuleta nyingi hazikuonyesha chochote ila ukurasa mweupe. Nauli ilipotea na Jumamosi nzima pia. Nilikosea wapi?

Mwalimu, Nyakach

JIBU

Pole, Mwalimu. Yaliyokupata yana sababu mbili zisizohusiana, na ni vyema tuzitenganishe.

Ya kwanza ni ya kivinjari. Programu nyingi, vivinjari vikiwemo, ukizipakua kwa kubonyeza kile kitufe kikubwa cha ukurasa wa mbele, hukupa kisakinishi kidogo ambacho kazi yake ni kwenda mtandaoni kuivuta programu yenyewe. Mtu akikutumia mzigo kwa matatu, huwezi kuvaa wala kula ile risiti ya kuuchukulia; faili uliyobeba ilikuwa risiti, na mzigo ukabaki mjini. Dalili huonekana kabla hujatoka saiba, nayo ni ukubwa wa faili: kivinjari kamili cha siku hizi huzidi megabaiti 50, hivyo ukiona faili ya megabaiti moja au mbili usiiamini. Tafuta katika tovuti ya watengenezaji ukurasa unaoorodhesha visakinishi kamili kwa kila mfumo na kila lugha, ambao aghalabu umefichwa chini kabisa. Kwa kompyuta zenu kuna jambo la ziada, kwa kuwa Chrome iliiacha Windows 7 baada ya toleo la 109, na tawi la mwisho la Firefox linaloikubali Windows hiyo ni 115 ESR (toleo la kuhudumiwa kwa muda mrefu). Mimi ningechukua hilo la Firefox. Angalia kwanza kama Windows yenu ni ya biti 32 au ya biti 64, kwani kompyuta ya gigabaiti 4 inaweza kuwa yoyote kati ya hizo mbili. Bofya neno Computer kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Properties, na jibu litakuwa mbele yako.

Sababu ya pili ni umri wa simuleta zenyewe. Ikiwa majina ya faili hizo huishia kwa .swf, zilitengenezwa kwa Flash (si flashi ya kubebea faili), teknolojia ambayo Adobe iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020 na kuzuia isifanye kazi kuanzia tarehe 12 Januari 2021. Zinazoishia kwa .jar zinahitaji Java iwe imesakinishwa katika kila kompyuta. Hakuna haja ya kuhangaika kuzifufua. Mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka uliotangulia, umeziandika upya simuleta zake nyingi kwa HTML5, lugha ya kurasa za wavuti ambayo kivinjari huielewa chenyewe, na kwako wewe hii ni habari njema sana: kila simuleta ya aina hiyo hupakuliwa kama faili moja tu ya .html, yenye picha, hesabu na maandishi yake yote ndani. Hakuna kusakinisha. Unainakili kwenye kompyuta, unaibofya mara mbili, nayo inafunguka katika kivinjari hata kama waya wa intaneti haujawahi kufika kijijini. Simuleta hizo hazilipiwi, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili.

Anza na Circuit Construction Kit: DC, kisha Ohm's Law, na ukipenda uongeze Pendulum Lab, kwa sababu pendulumu nayo huwapendeza watahini. Nakuomba tu usiwaache wanafunzi waamini kwamba betri ya kwenye skrini ni sawa na ile ya dukani. Betri ya volti 9 ikiunganishwa na rezista ya omu 10, ammita ya simuleta itasoma ampea 0.90 bila kupepesa, kwa sababu betri hiyo imechukuliwa kuwa haina ukinzani wa ndani. Fungua sehemu ya mipangilio ya ziada, uipe betri ukinzani wa ndani wa omu 1, na mkondo utashuka hadi ampea 0.82 huku volti kati ya ncha za betri zikishuka hadi takriban 8.2. Mwanafunzi aliyeona tofauti hiyo kwa macho yake hataduwaa siku atakayopewa seli kavu iliyochoka katika karatasi ya tatu, ile ya vitendo. Kwa hiyo zile ammita mbili zisiwekwe kabatini. Mpango mzuri ni kila kikundi kipite kwenye skrini kwanza, kisha kije kwenye meza ya vifaa halisi na kulinganisha.

Sasa kuhusu safari yako ijayo. Watu wengi hujaribu programu katika kompyuta ya saiba, wakaona inafanya kazi, wakaondoka wakiwa wameridhika, ilhali kompyuta ile tayari ilikuwa na vikorokoro vyote ambavyo programu ilivitegemea, kama vile maktaba (mafungu ya misimbo saidizi) za Visual C++ au .NET, vitu ambavyo kompyuta ya shule haina. Jaribio la kweli hufanywa katika kompyuta inayofanana na zenu, mtandao ukiwa umezimwa. Ikiwezekana, pakia CPU moja ya shule kwenye matatu uje nayo mjini, uunganishe na skrini ya saiba, usakinishe kila kitu bila intaneti, na usiondoke hadi simuleta zote zifunguke. Najua ni usumbufu kubeba mashine hiyo magotini kupitia Ahero, lakini ni usumbufu wa mara moja. Kinachokosekana utakiona ungali karibu na mtandao.

Flashi nazo hudanganya. Faili inaweza kunakiliwa nusu nusu na jina lake likaonekana salama kabisa. Ukiwa saiba, fungua dirisha la amri, uandike certutil -hashfile likifuatwa na jina la faili na neno SHA256, nawe utapata alama ya utambulisho ya faili hiyo, mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Unakili kwenye karatasi au upige picha kwa simu. Rudia amri hiyo shuleni. Mifuatano ikitofautiana hata kwa herufi moja, faili imeharibika njiani na hakuna haja ya kuisumbukia.

Baadaye, mkizoea, huenda mkachoka kunakili faili kwa kompyuta 12 kila mara. Hapo mtafute Kolibri, programu ya bure ya shirika la Learning Equality iliyobuniwa kwa shule zisizo na intaneti. Husakinishwa katika kompyuta moja tu, masomo yake, zikiwemo simuleta za PhET, huweza kuingizwa kutoka kwenye flashi au diski ya nje, na kompyuta nyingine huyafikia kwa kivinjari kupitia ruta ya kawaida isiyounganishwa na mtandao wowote wa nje. Ifanyeni hiyo kompyuta moja kuwa kipakatalishi, ili stima ikipotea katikati ya kipindi kisizimike ghafla kikiwa kinaandika kumbukumbu za wanafunzi.

SWALI

Mhariri, nilinakili simuleta ya ndege ya FlightGear kutoka kwa rafiki yangu wa mjini, nikaisakinisha nyumbani Lanet, ambako sina intaneti. Inafanya kazi, lakini nikichagua uwanja wa Kisumu, ndege husimama katikati ya bahari pana isiyo na mwisho. Najua kuna Ziwa Victoria, ila hili limezidi. Je, nimepewa toleo bovu?

Kijana wa Lanet, Nakuru

JIBU

Umenichekesha, ndugu yangu, lakini programu yako haina ubovu wowote. FlightGear ni programu huria na ya bure, na haibebi ardhi ya dunia nzima ndani ya kisakinishi chake. Kwa kawaida huivuta mandhari kutoka mtandaoni kipande baada ya kipande ndege inapoendelea kuruka, kazi inayofanywa na sehemu iitwayo TerraSync. Ikikosa kipande, huchora maji. Kwa hiyo ziwa halikufurika hadi Kondele. Ni ardhi ambayo haikuletwa.

Hapa ndipo unapoona kwamba kusakinisha bila intaneti na kuendesha bila intaneti ni mambo mawili. Ulifaulu la kwanza, na la pili likakushinda kwa kuwa data ya programu hukaa mbali nayo. Mandhari ya FlightGear imegawanywa katika vipande vya digrii 10 kwa digrii 10, na kila kipande huitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Kisumu, ambayo katika programu hujulikana kwa herufi HKKI, iko kusini kidogo ya ikweta, kwenye longitudo ya digrii 34 na ushei mashariki, kwa hiyo imo katika kipande cha e030s10. Kwenu Nakuru, Nairobi na Mombasa pia zimo katika kipande hicho hicho. Lakini ikweta hupita karibu na Maseno, na mara tu ukiivuka kuelekea Kakamega, Kitale au Eldoret, unaingia kipande kingine, e030n00. Ukichukua kimoja tu, utapaa vizuri kutoka Kisumu na baada ya dakika chache za kuelekea kaskazini utajikuta baharini tena, juu ya mashamba ya mahindi.

Njia mbili zitakufaa. Ya kwanza ni kupakua vipande hivyo viwili mahali penye mtandao na kuongeza folda ya vipande hivyo katika orodha ya mandhari ndani ya dirisha la kuanzishia FlightGear. Ya pili, ambayo naipendelea, ni kumwomba rafiki yako aruke kwa TerraSync kwenye njia unazozitaka, Kisumu hadi Nakuru, Nakuru hadi Eldoret, na kwingineko, kisha akunakilie folda yote ambayo TerraSync imeijaza. Hivyo bando litatumika kwa yale mtakayoyaona tu. Mwambie aifunge folda hiyo katika faili moja ya zip kabla ya kuinakili, kwani faili ndogo ndogo kwa maelfu huchukua muda mrefu kuingia kwenye flashi. Zip ikizidi gigabaiti 4, flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 (muundo wa zamani wa kupanga faili) itaikataa hata kama ina nafasi tele. Iumbizwe kwa exFAT, muundo usio na kikomo hicho, kwanza, na kumbuka kwamba kuumbiza hufuta kila kilichomo.

SWALI

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa elektroniki Bungoma. Niliuziwa flashi yenye simuleta ya saketi ya kulipiwa pamoja na programu ndogo ya kuvunja leseni, nikaambiwa nizime kinga ya virusi kwanza. Je, niendelee? Pili, chuoni tuna simuleta iliyolipiwa kihalali, lakini katika kompyuta moja inasema leseni si sahihi, ilhali kwenye nyingine inafunguka.

Mwanafunzi, Bungoma

JIBU

Usiendelee. Anayekuomba ufungue mlango na kumfunga mbwa kabla hajaingia, unajua nia yake. Kompyuta isiyo na intaneti haipati visasisho vya kinga, hivyo kirusi kinachoingia kwa flashi hukaa humo kwa starehe na kuzunguka chuo kizima. Isitoshe, huhitaji wizi huo. LTspice ya Analog Devices ni ya bure, haina ufunguo wa leseni, na inatosha kabisa kwa vikuza sauti, vichujio na vyanzo vya umeme. Ukitaka saketi zenye Arduino (bodi ndogo ya elektroniki inayoandikiwa programu), chukua SimulIDE, ambayo hufunguliwa tu kutoka katika folda yake bila kusakinishwa. Kwa kuandikia programu za bodi ya Arduino Uno, chukua Arduino IDE 1.8.19, kwa sababu imebeba vifaa vya bodi hiyo ndani yake. Toleo la 2 huenda kuvitafuta mtandaoni mara ya kwanza linapofunguliwa, nawe utarudi kwenye risiti ile ile ya Mwalimu wa Nyakach.

Kuhusu swali la pili, kabla ya kumlaumu yeyote, tazama tarehe kwenye kona ya skrini ya kompyuta hiyo. Kompyuta iliyounganishwa na intaneti husahihisha saa yake yenyewe, lakini isiyounganishwa hutegemea betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye bodi kuu, na betri hiyo ikifa, saa hurudi miaka mingi nyuma kila stima inapokatwa. Leseni iliyotolewa mwaka huu haiwezi kukubalika na mashine inayodhani kwamba bado ni mwaka 2009. Chomoa kompyuta kwenye umeme, fungua kifuniko, toa betri yenye maandishi CR2032, nunua nyingine ya volti 3 yenye maandishi hayo hayo katika duka lolote la vifaa vya elektroniki, kisha urekebishe saa na tarehe ndipo uifungue simuleta.